Mkondekonde wa Juu ya Ndiva

Zamani wanaume wa kijiji chetu hatukuingia kwa Mama Brightness kwa mlango wa mbele. Tulipitia migombani, kila mmoja na kisingizio chake. Huyu amekuja kuazima tindo, yule anamtafuta mbuzi ambaye hajapotea. Mimi siku yangu ya kwanza niliomba mbegu za maharage, na nyumbani nilikuwa nazo debe zima.

Alikuwa uani anapepeta mahindi. Akaweka ungo chini, akanitazama.

"Mbegu gani, Mwalimu?"

"Zozote tu, Mama Brightness."

"Unaamka mara ngapi usiku?"

Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na nne, nimehojiwa na wakaguzi wa kila aina, lakini swali hilo lilinikausha mate. Nikasema mara tatu.

"Sema kweli."

"Sita."

"Unakojoa damu?"

"Hapana."

"Ingekuwa ndiyo, ningekufukuza hapa sasa hivi uteremke hospitali Gonja. Na kwenda utakwenda tu, ukapimwe. Haya, kaa hapo kwenye kigoda."

Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati chenye maji mekundu, machungu kupita kiasi, yenye harufu kali iliyopanda puani moja kwa moja. Ni gome la mkondekonde, alilolichemsha tangu asubuhi. Nilikunywa, nikashukuru, nikaondoka na mbegu za maharage mfukoni ili nikikutana na mtu njiani niwe na cha kuonyesha. Baada ya wiki chache nikawa naamka mara tatu kweli. Hospitali sikwenda, ingawa aliniuliza kila nilipofika. Nilikuwa mjinga, na nilikuwa naona haya.

Jina lake hasa ni Anaeli. Baba yake, mzee Elibariki, alikuwa na watoto wanne wa kiume waliotawanyika kwenye mashamba ya mkonge na mijini, na binti mmoja aliyebaki. Basi dawa zake akamfundisha binti. Alimfundisha kwamba mkondekonde hubanduliwa upande mmoja tu, upana wa shibiri mbili, na jeraha lake hupakwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Upande wa pili hauguswi mpaka ule wa kwanza uote gome jipya, na hiyo ni miaka. Ukiumenya mti mzima kuuzunguka, umeua. Mama Brightness hakuwahi kukiuka hata mara moja, na aliyejaribu kumharakisha alirudi nyumbani bila kikombe.

Alikuwa na sifa nyingine pia, ambayo haikuwa ya siri. Yeye ndiye mtunza mbegu wetu. Mahindi ya kienyeji, maharage, ulezi, maboga, vyote vilining'inia darini kwake juu ya meko, vikavu, vyeusi kwa moshi, bila hata tundu moja la mdudu. Mbegu ya Anaeli ukiipanda huulizi mara mbili. Alijivunia hilo, na alikuwa na haki.

Sasa, wakati wa baba yake mikondekonde msituni kwetu ilikuwa saba. Mmoja ulianguka kwa upepo, miwili ikapasuliwa mbao, mingine ikafa kwa kumenywa na watu wasiojulikana. Ukabaki mmoja, mkubwa, juu ya ndiva, lile bwawa letu la kukinga maji ya kumwagilia. Mama Brightness akakata shauri kwamba hatakufa kabla hajauachia ule mti watoto. Na yeye akishakata shauri, hata mchungaji hamrudishi nyuma.

Ulipozaa aliokota matunda, madogo na mekundu kama buni mbivu. Akachagua yaliyo mazuri, akaosha mbegu, akazipandisha darini juu ya meko kama alivyofanya kwa kila mbegu maishani mwake. Zilipokauka vizuri na mvua kunyesha, akapanda. Haikuota hata moja. Mwaka uliofuata akaongeza siku za kukausha, akapanda tena. Hola. Mwaka wa tatu alizikausha mpaka zikawa zinalia kama changarawe kwenye kibuyu, akaandaa kitalu laini kuliko kitanda changu, akamwagilia asubuhi na jioni. Kikaota kila aina ya gugu isipokuwa mkondekonde.

Watu walianza kumtania. Kwenye kisima walimwuliza kama mbegu zake zimekwenda likizo. Alicheka nao, lakini nilimwona mwezi ule akikaa muda mrefu karibu na kile kitalu, na nilimwonea huruma. Mtu akishindwa na jambo asilolijua, atajifariji. Yeye alikuwa anashindwa na jambo analolijua kuliko sisi wote.

Jibu lilikuwa nyuma ya jiko lake. Siku moja alikwenda kuchimba magimbi, pale anapomwaga maji ya vyombo, penye kivuli na tope la kudumu. Kati ya magimbi akaona vimche vitatu, majani yanang'aa. Akavunja jani moja, akanusa. Alinisimulia mwenyewe kwamba alikaa chini kwenye tope lile na gauni lake jema. Zile zilikuwa mbegu mbovu, zile alizozichagua na kuzitupa zikiwa bado na maji, kwa sababu hazikustahili kupanda darini. Alizozitupa ziliota, na alizozitunza alizichoma mwenyewe kwa joto la meko, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu.

"Mwalimu," aliniambia, "hii mbegu haitaki kukauka. Inataka kutoka mtini iingie udongoni siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa naiua kwa mikono yangu, na ninajiita mtunza mbegu."

Nilidhani atalia. Akasimama, akapangusa gauni, akasema mti ukizaa tena atakuwa tayari. Vile vimche vitatu akavizungushia miiba. Mbuzi wa jirani akairuka na kuvila vyote katika dakika tano. Alimtukana yule mbuzi mpaka mwenye mbuzi akaja kuomba radhi.

Ndipo akaja Rodrick. Kijana wa mjini Same, mpole, ana pikipiki na barua yenye muhuri. Alitaka kununua magome ya miti pori kwenye msitu wa kijiji, na akaahidi bati za kuezeka jiko la shule. Ukaitishwa mkutano. Mama Brightness hakuwapo, alikuwa Same akimuuguza binti yake Brightness aliyejifungua kwa shida. Mimi nilikuwa katibu wa mkutano, daftari mapajani.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi juu ya ule mti wa juu ya ndiva.

Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi. Mtu wa kwetu atakuburuta mpaka mahakamani kwa sababu ya mgomba mmoja ulioinamia upande wa pili wa mpaka. Siku ile, juu ya mti uliokuwa unatutibu, hakufunua mdomo hata mmoja. Nilitazama safu za mabenchi na niliwajua karibu wote wanaopitia migombani. Mzee Hezroni, mzee wa kanisa, alikuwa mbele kabisa, amekaza shingo. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme. Maana ukisema mti usiguswe utaulizwa kwa nini, na ukiulizwa kwa nini, mke wa mchungaji yupo pale, wakwe zako wapo pale. Nami nikashika kalamu yangu, nikaandika kwa mwandiko mzuri: Hakuna aliyepinga.

Watu wa Rodrick walifanya kazi siku mbili. Walimenya kuanzia kwenye mizizi hadi ngazi ilipofika, mzunguko mzima, mti ukabaki mweupe kama mfupa. Tulikuja kuambiwa kwamba barua ile iliruhusu upande mmoja tu. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameisoma mpaka mwisho, nami nikiwemo.

Mama Brightness aliporudi alipanda kwanza juu ya ndiva. Kisha akaja kwangu, kwa mlango wa mbele, hakubisha hata hodi.

"Nisomee daftari la mkutano."

Nikamsomea.

"Soma majina ya waliokuwapo."

Nikasoma. Alikuwa anahesabu kwa vidole, polepole, akikunja kimoja kila nilipofika kwenye jina fulani. Vidole vya mikono miwili vikaisha. Jina la mwisho lilikuwa langu, la katibu. Akanitazama, akasema, "Kumi na mmoja." Akaondoka.

Alichofanya baada ya hapo kilituumiza kuliko matusi. Hakufunga mlango wake. Alikuwa na akiba ya gome kavu, akaendelea kutuchemshia, kila mtu na kikombe chake, mpaka kipande cha mwisho. Kisha akaosha vikombe, akavipanga rafuni kifudifudi.

Mti haukufa mara moja. Majani yalianza kupukutika, lakini ukachanua, na mwezi wa tisa ukazaa kuliko miaka yote, matawi yakainama. Wengine walishangilia wakasema umepona. Mama Brightness alisema mti unaoaga huzaa hivyo. Alijua kwamba hiyo ndiyo nafasi, na haina nyingine. Matunda yangeiva kwa pamoja. Kima na ndege wangekula sehemu yao, yatakayoanguka kwenye mwamba yangekaushwa na jua kwa siku moja au mbili, na yeye alikuwa mama wa miaka sitini na sita, goti moja bovu, mlima mkali, kapu moja.

Alijaribu peke yake siku ya kwanza. Nilimwona akishuka kwa makalio pale penye utelezi, kapu limebanwa kifuani, limejaa robo. Nilikuwa na aibu ya kumsalimu, nikajifanya nafunga kamba ya ng'ombe.

Kesho yake gunda likalia, lile baragumu la kijiji. Ilikuwa siku ya msaragambo wa ndiva. Msaragambo kwetu ni kazi ya wote: likilia, kila kaya inatoa mtu na jembe lake, na kabla ya mvua za vuli ni lazima tope lizolewe bwawani. Tulikuwa zaidi ya mia, wake kwa waume, tumeshaingia topeni hadi magotini, Mama Brightness alipopanda juu ya ukingo. Hakuwa na jembe. Alikuwa na kapu.

"Shikamooni wazee. Habari zenu wengine," akasema. "Nina maneno machache. Mkondekonde umezaa, na hautazaa tena. Matunda yanatakiwa yaokotwe leo, yaoshwe leo, yapandwe leo. Peke yangu siwezi. Nimejaribu jana."

Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Mama, leo ni ndiva. Tumalize kwanza, kesho tutaona."

"Kesho yatakuwa yamekufa. Na mimi sikuja kuomba kijiji kizima." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nawaomba wale tu ambao vikombe vyao viko rafuni kwangu. Mnajijua. Majina sitayataja leo, wala siku nitakayokufa. Mimi natangulia."

Akageuka, akaanza kupanda, anachechemea.

Watu wakaanza kutazamana, wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Nikainamia jembe langu kana kwamba limeandikwa kitu. Nilijiambia mtu mwingine ataanza, kama nilivyojiambia mkutanoni, na nilijichukia wakati ule ule nikijiambia.

Mzee Hezroni alikuwa katikati ya bwawa. Ana miaka sabini na tisa. Kanisani akikohoa watoto wananyamaza. Akachomeka jembe kwenye tope, likasimama lenyewe. Akavua kofia.

"Nilinyamaza mkutanoni," akasema. "Miaka tisa ule mti umenipa usingizi, na siku ya kuutetea mkojo ukanifunga mdomo. Nimechoka kuona haya."

Mtu mmoja akacheka. Hakupata wa kumuunga mkono. Mzee akatoka topeni, mkewe akamshika mkono kumvuta ukingoni, wala hakuonekana kushangaa. Akaanza kupanda mlima miguu mitupu.

Kisha akatoka wa pili. Wa tatu na wa nne wakatoka pamoja, wamekuwa majirani miaka arobaini na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa wa pili, lakini nilikuwa wa saba. Nilipompita mkwe wangu aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Pole, baba." Sikufa. Nilidhani nitakufa, na sikufa.

Tulipofika juu ya ndiva tukahesabiana, tukawa kumi na watatu. Mama Brightness akawatazama wawili wa mwisho, vijana wa miaka hamsini hivi.

"Nyie sina vikombe vyenu."

"Tunajiandaa, Mama," mmoja akajibu, na hapo tukacheka sote, tukacheka mpaka wengine wakaketi chini. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu arudi kutoka Same.

Kazi ilikuwa kazi. Waliokuwa na nguvu walipanda wakatikisa matawi, sisi wengine tukaokota kwa kutambaa, tukigombana na kima waliotuzomea juu. Tukashuka na makapu hadi kwenye mfereji, tukaponda nyama ya tunda kwa mchanga, tukaosha. Mzee Hezroni, kwa mazoea tu, akatandaza zake kwenye gunia juani kama anaanika kahawa. Mama Brightness akapiga ukelele uliofika ndiva.

"Mzee! Unaniulia!"

Mzee akalikunja gunia haraka kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Wanawake walipomaliza zamu yao ya tope wakapanda nao, wakatengeneza vikopo kwa maganda ya migomba na kuvijaza udongo wa msituni. Esta, mke wangu, alichuchumaa karibu nami akijaza. Nikamwuliza kwa kunong'ona kama alikuwa anajua.

"Miaka minne unaazima mbegu za maharage," akasema, "na debe letu la mbegu nyumbani limejaa pomoni. Ulidhani naota?"

Kabla jua halijazama mbegu ya mwisho ilikuwa udongoni, chini ya kivuli cha majani ya migomba, tena ndani ya uzio ambao hata yule mbuzi angeuheshimu. Mama Brightness hakushukuru mtu. Alipita vikopo vyote akivigusa kimoja kimoja, midomo inacheza, na sikujua kama anahesabu au anaomba.

Wiki ya tano hakukuwa na kitu. Wiki ya sita hakukuwa na kitu, na waliokuwa wakimtania wakaanza tena kuuliza habari za likizo. Alimwagilia tu. Wiki ya saba, siku ya Jumapili, tulikuwa tunatoka ibadani tukamkuta amesimama njiani na viatu vya nyumbani, hakuwa amekuja kanisani. Akasema, "Imeota." Mzee Hezroni akamshika mabega, na wote wawili wakalia pale barabarani mbele ya waumini, wala hakuna aliyeona haya.

Mti mzee ulikauka mwaka uliofuata. Ulianguka wenyewe, upande wa msituni, ukaiacha ndiva salama.

Miche iliyoishi ilikuwa sitini na minne. Mingi ilipandwa msituni, lakini wale kumi na mmoja Mama Brightness alitupa kila mtu wa kwake, kwa sharti moja: uupande mbele ya mlango, njiani, si migombani. Tulilalamika kidogo. Alisema anayetaka kuuficha aurudishe. Kwa hiyo ukipanda kijijini kwetu leo, ukaona mche wa mkondekonde mbele ya nyumba, umezungushiwa miiba, unajua mwenye nyumba ana shida gani. Rodrick alipokuja tena kutafuta magome mengine, alipita kwenye nyumba zile zote kabla ya kufika ofisini. Ukaitishwa mkutano mwingine, na katika daftari niliandika majina ya waliopinga, ukurasa mzima, la kwanza likiwa langu.

Gome la mti huu halibanduliwi mpaka upite miaka kumi na tano au zaidi. Nina miaka sabini na moja; nimeshapiga hesabu hiyo na sina kinyongo nayo. Siku hizi tunateremka hospitali Gonja, mimi na mzee Hezroni, tunakaa kwenye benchi moja, tunapimwa, tunapewa vidonge. Jioni namwagilia mche wangu.

Juzi Mama Brightness alikuja kuukagua. Alifika kwa njia ya mbele, wakati watu wanatoka sokoni, mizigo vichwani. Akainama kwa goti lake bovu, akapekua majani chini na juu, akasema unakwenda vizuri, niongeze samadi. Kisha akasimama, akajishika kiuno, akaniuliza kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza, watu wakisikia:

"Na wewe, Mwalimu. Unaamka mara ngapi usiku?"

Waliokuwa wakipita wakapunguza mwendo. Mkwe wangu alikuwa miongoni mwao.

"Mara mbili," nikajibu, kwa sauti ya darasani. "Jana tatu."